Bustani ya Jumatatu

Watu wakiisikia methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari, haraka humfikiria mwenye duka aliyekopesha sukari mtaa mzima kisha akasahau wadeni wake. Hapo hujiona wamesalimika, kwa kuwa wao hawana duka. Wanajidanganya. Mali ni kitu chochote ambacho mtu akikikosa atalia, na daftari ni ule udhia mdogo wa kushika kalamu wakati moyo unataka kucheza ngoma. Msichana aliyeitwa Nukta hakuwa na duka wala mzani, na bado methali hiyo ilimfuata mpaka nyumbani.

Jina la Nukta alipewa na shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Shangazi alikuwa na chumba cha kushonea kilichotazama barabara. Nyuma ya pazia la chumba hicho, kati ya marobota ya vitambaa na meza ya kupigia pasi, Nukta alikuwa na kiti chake, kompyuta yake na spika mbili kuukuu zilizoshikiliwa na gundi ya karatasi. Huko ndiko alikopikia mambo yake. Hakuchora kwa brashi wala hakupiga gitaa. Yeye aliandika programu, na programu hiyo ndiyo iliyochora na kupiga muziki kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nukta aliiandikia kompyuta kanuni: nukta elfu tatu zitawanyike kwenye kioo, zinazokaribiana zivutane, zinazogongana zilie, kubwa kwa sauti nzito na ndogo kwa sauti nyembamba, zikichoka, zibadilike rangi na kulala. Kisha kompyuta ilihitaji namba moja ya kuanzia, namba ndefu ya tarakimu kumi, ambayo mafundi wa kazi hiyo huiita mbegu. Ukiipa mbegu ile ile, itaotesha bustani ile ile, nukta kwa nukta na sauti kwa sauti, hata baada ya miaka kumi. Ukibadilisha tarakimu moja tu, utapata bustani nyingine kabisa. Na usipoipa mbegu yoyote, hujichumia yenyewe kutoka kwenye saa yake, ikaitumia, ikaitupa, wala haimwambii mtu.

Nukta hakuwahi kuipa mbegu hata siku moja. Kujua kitakachoota, kwake, kulikuwa sawa na kufunguliwa zawadi na mtu mwingine. Alibonyeza kitufe, akafumba macho, akayafumbua na kukuta maajabu. Alibonyeza tena, maajabu mengine! Kutwa alikuwa akipiga kelele za furaha nyuma ya pazia hata wateja wapya wakadhani kuna mtoto anayetekenywa.

Shangazi hakuelewa programu, lakini hakuwa mjinga.

"Hivi, mwanangu," aliuliza siku moja, "ile nzuri iliyopita sasa hivi iko wapi?"

"Imekwenda, shangazi."

"Imekwenda wapi?"

"Imekwenda tu. Lakini usijali, zipo mabilioni."

"Mimi mteja akisimama hapa, kifua, kiuno, urefu wa mkono, vyote naandika, hata awe dada yangu wa tumbo moja. Leo naukumbuka mwili wake. Kesho nitakuwa naukumbuka mwili wa mwingine."

"Shangazi nawe! Sanaa si suruali."

"Haya, bibi Sanaa," shangazi alijibu, akakata uzi kwa meno na kuendelea kushona.

Wakati huo hospitali ya mji ilikuwa imemaliza kujenga wodi mpya ya watoto. Katika chumba cha kusubiria sindano kulikuwa na ukuta mrefu mweupe, na hospitali ilitafuta mtu wa kuujaza. Watatu waliomba: mchoraji wa rangi, mpiga picha, na Nukta. Kila mmoja alipewa siku yake ya kuonyesha kazi mbele ya muuguzi mkuu wa wodi, na Ijumaa kamati nzima ingekaa na kuamua. Nukta aliutaka ukuta ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa imeishi nyuma ya pazia, ikitazamwa na watu waliokuja kufuata nguo. Wote walisema, "Inapendeza," kisha wakauliza suruali yao iko wapi.

Siku yake ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Aliweka projekta juu ya kitoroli cha dawa, akapanga spika, akafunga mapazia. Watoto wanane walikuwa kwenye benchi wakisubiri sindano, na kama ilivyo desturi yao, mmoja akianza kulia wengine humwitikia. Muuguzi mkuu, mwanamke mrefu ambaye hata madaktari walimwogopa, alitazama saa yake.

"Una dakika tano, binti."

Nukta akabonyeza kitufe.

Nukta za kwanza zilijitokeza pembeni, chache, kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Zikaongezeka. Zikakutana katikati ya ukuta, bluu ikaingia kwenye zambarau, na kundi zima likageuka pamoja kama watoto wa shule waliosikia kengele. Sauti zikaanza, moja, mbili, kisha mvua nzima. Halafu likatokea jambo ambalo msichana mwenyewe hakuwahi kulisikia katika miaka yake miwili. Zile sauti nzito, ambazo siku zote zilianguka ovyo, zilishikana na kuwa mapigo: du-du, du-du, du-du, kama moyo wa mtu aliyelala salama. Mwili ulimsisimka. Aligeuka kutazama benchi na hakuona hata mdomo mmoja uliokuwa ukilia. Mtoto mwenye plasta mguuni alikuwa amenyoosha mkono ili adake nukta zilizompita. Mwishoni zilipanda zote juu na kuzimika moja moja, ya mwisho ikilia kwa wembamba hata kila mtu chumbani akajikuta ameinama mbele ili aisikie.

"Tena!" alipiga kelele yule wa plasta.

"Tena! Tena!" wakaitikia wenzake.

"Tena ni baada ya sindano," alisema muuguzi mkuu, lakini sauti yake ilikuwa imelainika. Alimvuta Nukta kando. "Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Sijaona watoto wanane wakinyamaza kwa pamoja bila kupewa peremende. Ijumaa uiletee kamati kazi hii hii. Usije ukaniletea nyingine ukasema umeiboresha. Nataka hii hii."

"Hii hii, Sista!" alijibu Nukta. Akazima kompyuta, akakunja nyaya, akatoka.

Njia nzima hakutembea, alirukaruka. Alimsalimia mpaka fundi viatu ambaye walikuwa hawasemeshani. Aliingia chumba cha kushonea kama kimbunga, akamkumbatia shangazi pamoja na mteja aliyekuwa akipimwa kiuno.

"Wameipenda, shangazi! Wamenyamaza wote wanane! Ngoja nikuonyeshe!"

Aliwasha kompyuta, akabonyeza kitufe. Bustani ya kijani ikaota, polepole, ikilia kama vijiko kwenye beseni. Ilipendeza, lakini haikuwa yenyewe. Akabonyeza tena. Nyekundu. Akabonyeza tena. Njano, yenye kelele. Mara ya sita vidole vilianza kumpoa. Alikumbuka kwamba mbegu ya Jumatatu ile ilichumwa na kompyuta kwenye saa, ikatupwa, na kompyuta yenyewe akaizima kwa mkono wake huku akicheka. Alikaa kwenye robota la vitambaa na kushika tama.

"Si ulisema zipo mabilioni?" aliuliza shangazi, na hakuuliza kwa ubaya.

"Zipo! Ndiyo balaa lenyewe!"

Alipiga hesabu. Kama angetazama bustani moja kila dakika, bila kula wala kulala, zote zingemchukua kama miaka elfu kumi na tisa. Kamati ilikuwa inakuja baada ya siku nne.

Hata hivyo ujana hauna adabu mbele ya hesabu. Jumanne nzima aliwinda. Alibonyeza, akatazama, akatikisa kichwa, akabonyeza. Zilipita bustani zilizoruka kama bisi, nyingine zilizojikunja kama paka, moja iliyokohoa kabisa kama mzee. Mara kumi aliruka kitini akisema, "Hii iko karibu!" na mara kumi akakaa. Na kwa kweli, katikati ya wasiwasi wake, alikuwa akifurahi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: hakuweza kuona kitu kikiota asifurahi.

Jumatano saa nane mchana ilitokea. Haikuwa ile ya Jumatatu. Ilikuwa nyingine, na ilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuona. Rangi ya dhahabu ilipasuka kutoka katikati, sauti zikapanda ngazi kwa ngazi, zikakimbizana, zikapokezana kama waimbaji wa pande mbili.

"Shangaziii! Njooni muone! Njooni wote!"

Shangazi alikimbia na pini mdomoni. Mteja wake alimfuata, mkono mmoja wa shati ukiwa umeshonwa na mwingine bado. Walipofika nyuma ya pazia, dhahabu ilikuwa tayari imeanza kulala.

"Aa, mmekosa mwanzo!" alisema Nukta, akihema. "Mwanzo ndio utamu wenyewe. Ngojeni niwaanzishie upya!"

Akabonyeza kitufe.

Kompyuta, kwa utii wake wote, ikachuma mbegu mpya. Ukaota udongo fulani wa kahawia, ukajivuta kidogo, ukalia kama chura mwenye kwikwi.

"Ndiyo hii?" aliuliza yule mteja kwa heshima.

Nukta alikuwa ameganda, kidole bado kiko juu ya kitufe. Shangazi alimtazama, akakitazama kile kidole, akachomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine ili asije akazimeza, kisha akacheka hadi akaketi sakafuni. Alicheka akijishika mbavu. Nukta alitaka kulia, akalia kidogo, halafu naye kicheko kikamshinda, wakacheka wote pamoja na mteja mwenye mkono mmoja ambaye hakujua wanacheka nini.

"Mwanangu," alisema shangazi alipopata pumzi, "ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Hii ya pili ni tabia."

Maneno hayo yalimwingia. Nukta alipangusa macho, akakaa kwenye kompyuta, akaandika mistari sita mipya ya programu. Kuanzia hapo hakuna bustani ambayo ingeota kabla mbegu yake haijajitokeza kwenye kioo na kusubiri. Angeweza kuiagiza kompyuta iziandike namba hizo yenyewe, na aliiagiza. Lakini alijua kwamba mgonjwa hakuwa kompyuta, mgonjwa alikuwa mkono wake, basi mkono ndio alioupa dawa. Alivuka barabara, akanunua daftari la kurasa tisini na sita na kalamu ya wino mweusi.

Alhamisi ilikuwa siku ya shangwe. Nukta alisoma namba, akaiandika, kisha akabonyeza. Kila bustani ilipewa jina, na majina yalitoka kwa shangazi na kwa kila mteja aliyeingia. Moja ikaitwa Harusi ya Sisimizi. Nyingine ikaitwa Bibi Anatafuta Miwani, nyingine Kuku Kaona Mwewe, na ile ya kukohoa ilipojirudia kwa sura nyingine wakaiita Baba Mwenye Nyumba. Watu walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mwanamke aliyekuja kupunguziwa sketi alikaa saa mbili na nusu na kusahau sketi yenyewe. Jioni daftari lilikuwa na namba mia moja na arobaini na tatu, na moja iliyopigiwa mstari mara mbili: Mvua ya Mtama. Hiyo ilianza na punje chache za rangi ya kutu, ikaishia na mvumo mwororo uliomfanya shangazi apunguze mwendo wa cherehani bila kujijua.

Ijumaa kamati ilikaa watu watano, muuguzi mkuu katikati. Nukta alisimama mbele yao. Wanne kati ya wale hawakuwahi kuiona bustani ya Jumatatu. Angeweza kukaa kimya, akaonyesha Mvua ya Mtama na kuomba Mungu muuguzi mkuu awe msahaulifu. Alimtazama muuguzi mkuu na kuona kwamba huyo hajasahau kitu tangu azaliwe. Akapiga moyo konde.

"Ile ya Jumatatu sinayo," alisema. "Sikuandika namba yake. Imepotea, na kwa jinsi ninavyojua hairudi. Nimeleta nyingine."

Muuguzi mkuu alivua miwani.

"Binti, nilikwambia nini?"

"Hii hii, Sista. Nakiri kosa."

Daktari mmoja mwenye ndevu akainua mkono. "Samahani. Hata hii tukikupa ukuta uiweke, kesho asubuhi si inaweza kupotea vile vile?"

Swali hilo lilikuwa halali kabisa. Badala ya kujitetea, Nukta alimpa daftari. "Chagua yoyote, daktari."

Daktari akafungua, akapitisha kidole kwenye majina, akatabasamu, akachagua Mvua ya Mtama kwa kuwa ilipigiwa mistari miwili. Nukta akaandika mbegu, punje zikaanguka, mvua ikanyesha ukuta mzima. Daktari alinyanyuka, akaweka kidole mahali ambapo punje moja nyekundu ilitua karibu na swichi ya taa, akakiacha kidole hapo hapo. Nukta akazima kompyuta kabisa, akaiwasha, akaandika namba ile ile. Punje nyekundu ilizunguka, ikasitasita, ikaja ikatua kwenye ncha ya kidole cha daktari.

"Loo!" alisema daktari, kama mtoto.

Kamati ilinong'ona kwa dakika ambazo Nukta aliziona kama mwaka. Hatimaye muuguzi mkuu akavaa miwani yake.

"Hii si ile," alisema. "Lakini ni nzuri, na tunajua tutaikuta kesho. Ukuta ni wako."

Hospitalini hairuhusiwi kupiga kelele. Nukta alishukuru kwa adabu, akatembea kwa adabu kwenye ukumbi mzima, akatoka mpaka kwenye maegesho ya magari, na hapo akapiga yowe la furaha hata mlinzi akaja mbio na rungu akidhani kuna mwizi.

Miezi miwili baadaye ukuta ulizinduliwa. Mvua ya Mtama ilinyesha juu ya benchi, watoto walikimbiza punje kwa viganja, na shangazi alikaa mbele kabisa akiwa amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, akimweleza kila aliyeketi karibu naye kwamba jina hilo ni yeye aliyelitoa. Nukta hakujua aweke wapi mikono yake kwa furaha. Alikuwa na ukuta. Watu waliutazama, na hakuna aliyeuliza suruali.

Muuguzi mkuu alimjia akiwa na simu mkononi. "Njoo uone kitu. Kuna mama alikuwa hapa ile Jumatatu na mwanawe, alirekodi kidogo. Amenitumia jana tu."

Ilikuwa sekunde kumi na mbili, picha ikiyumba, kichwa cha mtu kikiziba upande mmoja. Bluu iliingia kwenye zambarau. Kundi likageuka pamoja. Kutoka kwenye kispika kidogo cha simu yakasikika yale mapigo: du-du, du-du, du-du. Nukta alikuwa amejifariji kwamba pengine kumbukumbu zake zilitia chumvi, kwamba haikuwa nzuri kiasi hicho. Ilikuwa nzuri zaidi ya hapo.

Msichana mdogo aliyekuwa akisubiri zamu yake alijipenyeza kati yao na kuchungulia simu. Alitazama mpaka mwisho, akautazama ukuta, akaitazama simu tena.

"Hii ni nzuri kuliko ile," alisema. "Kwa nini hamkuiweka hii?"

"Shh, mtoto," alisema muuguzi mkuu.

"Mwache, Sista," alisema Nukta, akachuchumaa. "Niliipoteza."

"Kwani uliiweka wapi?"

Nukta alimtazama shangazi yake, kisha akamgeukia tena mtoto.

"Sikuiweka popote," alisema.

Mtoto alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu mzima anavyomtazama aliyefiwa, akampigapiga begani. Kwa hakika, mali bila daftari hupotea bila habari.